Lenzi ya Kulengwa kwa Mkono, Kutoka Umatengo hadi Ufuko wa Nyasa

Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, asubuhi nyingi za miezi ya baridi huanza na ukungu. Kamera za siku hizi, zijilengazo zenyewe, hupata taabu mahali hapo. Injini ndogo iliyomo ndani ya lenzi husogeza vioo mbele na nyuma, kisha hurudi ilikotoka bila kuamua. Sababu si ubovu. Mtambo huo hutafuta mahali ambapo weusi na weupe hupakana kwa ukali, kama ukingo wa paa au shina la mti. Ukungu huifuta mipaka hiyo, na mtambo hukosa cha kushika. Lenzi ya zamani, igeuzwayo kwa vidole, haina hitaji hilo. Mpigapicha ajuaye kwamba kilima kile kiko mbali huipeleka pete hadi kwenye alama ya nane iliyolala, yaani umbali usio na mwisho, na kazi imekwisha.

Kinachotendeka pete inapogeuzwa ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Mwanga utokao kwenye kitu hupindwa na vioo vya lenzi, ukakutana tena nyuma yake, ilipo filamu au bamba la kunasia mwanga. Kitu kikiwa mbali sana, mahali hapo pa kukutania huwa milimeta 50 nyuma ya lenzi ya kawaida. Kitu kikiwa umbali wa meta 3, lenzi yapasa kusogea mbele kwa milimeta 0.85 tu; kikiwa umbali wa meta 1, kwa milimeta 2.6. Hakuna mkono uwezao kusukuma kioo kwa kipimo hicho bila kukosea. Ndiyo maana ndani ya pete mna hesi, kama zile za kifuniko cha chupa, ambazo huubadili mzunguko mrefu wa vidole kuwa mwendo mfupi wa kioo. Pete nzuri huzunguka kwa uzito ulio sawa mwanzo hadi mwisho, na mtu aliyeizoea hujua kwa vidole, kabla ya kutazama, kama amelenga karibu au mbali. Raha ya lenzi hizi imo hasa humo.

Juu ya pete ya umbali huwa mna mistari miwili miwili yenye namba za tundu la mwanga. Wengi huipuuza, ilhali ndiyo hazina yenyewe. Mfano bora ni mashamba ya ngoro. Wamatengo hulaza nyasi zilizofyekwa katika miraba mteremkoni, wakazifunika kwa udongo uchimbwao katikati ya kila mraba. Mashimo yabakiayo huyazuia maji ya mvua yasiuchukue udongo bondeni. Picha ionyeshayo bayana mashimo mawili ya mbele tu, na mengine yote yakawa ukungu, haimfai mwalimu wa kilimo wala mwanafunzi wake, kwa kuwa haionyeshi jinsi mteremko mzima ulivyoshikwa. Kamera ijilengayo mara nyingi hukamata jani lililo karibu na kuridhika. Kwa lenzi ya milimeta 35, tundu likiwa f/11 na pete ikiwekwa karibu meta 4, kila kitu kuanzia kama meta 2 hadi kilima cha mbali huwa bayana kwa macho ya kawaida. Mistari hiyo, hata hivyo, ilikusudiwa picha za ukubwa wa wastani. Anayetaka kuikuza picha sana afuate mistari ya namba ndogo zaidi: tundu likiwa f/11, asome ile ya f/8. Na asipige saa sita mchana, kwani jua la utosini huondoa vivuli, na mashimo yote huonekana kama sakafu.

Barabara ishukayo kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay humfikisha mtu katika hali nyingine kabisa. Ziwa liko chini ya meta 500 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri mitumbwi iliyovua usipa usiku kucha hurejea ufukoni. Mtumbwi hugusa mchanga mara moja tu. Kusubiri lenzi itafute, huku mawimbi yakimetameta mbele yake, ni kuukosa mguso huo. Mpigapicha mzoefu hulenga kabla: lenzi ileile ya milimeta 35, tundu f/4 kwa kuwa mwanga ni hafifu, pete kwenye meta 5. Ukanda ulio bayana huanza meta 3.4 na kuishia karibu meta 10. Kisha haigusi pete tena. Hungoja mtumbwi uingie ukandani.

Palipo na nafasi ya kulenga taratibu, kipo kioo cha mstari uliokatika, kilichomo katika kamera nyingi za filamu. Katikati ya kioo hicho umbo huonekana limevunjika vipande viwili, nalo huungana fokasi inapokamilika. Mwamba wa Liuli, ambao Wajerumani waliufananisha na Sphinx ya Misri hata wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen, ni shabaha njema ya kujifunzia, maana ukingo wake ni mkali dhidi ya anga.

Kamera ya kwanza ya kujilenga kuuzwa kwa wingi, Konica C35 AF, ilitokea mwaka 1977. Minolta 7000 ya mwaka 1985 iliufanya ufundi huo uwe wa kawaida hata katika kamera za kubadilishwa lenzi, na lenzi za mkono zikatupwa makabatini. Tangu mwaka 2008, zilipoanza kuuzwa kamera nyembamba zenye lenzi za kubadilishwa lakini zisizo na kioo cha kuakisi, zimerudi kazini, kwa kuwa pete ya kuungia hutosha kuziunganisha. Kamera hizo huweza kuzipaka rangi kingo zilizo bayana. Rangi hiyo hudanganya kwenye ukungu. Kuikuza picha kiooni ni njia ya kuaminika zaidi.

Adui wa lenzi hizi ni unyevu. Lenzi iliyolala katika baridi ya Mbinga, ikifunguliwa ghafla kwenye joto la ufukoni, hufunikwa na umande. Ibaki mkobani imefungwa hadi ipate joto. Mikoba ya ngozi haifai kuhifadhia, maana hushika unyevu, na kuvu huota juu ya kioo kama utando wa buibui. Madhara yake huweza kufichika kwa miezi, hadi jua litakapoielekea lenzi. Na katika ufuko huu jua huielekea kila jioni, linapotua ng'ambo, upande wa Malawi.