Ukuta Uliolowa: Kulinda Nyumba na Afya Kabla ya Masika

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua ya mawe iliyoandamana na upepo mkali ilikishukia kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, wengi wao wakiangukiwa na kuta za nyumba zao wenyewe wakiwa wamelala. Yanayosimuliwa hadi leo ni mawe yale ya barafu. Habari za ukuta husahauliwa, ilhali ndizo zinazomhusu kila mkazi mwenye nyumba ya matofali ya tope.

Tofali la tope si kitu cha kudharauliwa. Likiwa kavu hubeba paa la mabati kwa miaka mingi, na nyumba yake huwa na ubaridi mchana wa jua kali kuliko nyingi zilizojengwa kwa saruji. Udhaifu wake ni maji. Tofali lililolowa huwa zito na laini kwa wakati mmoja, na matofali ya chini, yanayobeba uzito wote, ndiyo hulowa kwanza: matone ya paani hupiga ardhi na kuurukia ukuta, na maji yaliyotuama kando ya msingi hupanda ndani yake polepole. Ndiyo sababu ukuta waweza kuanguka saa kadhaa baada ya mvua kukatika, familia ikiwa imekwisha kurudi ndani na kuwasha moto.

Kinga yake huanzia chini. Mfereji uchimbwe kuizunguka nyumba, hatua moja au mbili kutoka ukutani, wenye mteremko wa kuyatoa maji nje ya kiwanja bila kuyasukumia kwa jirani. Udongo ulio kati ya mfereji na ukuta ushindiliwe uinamie nje. Anayejenga upya aanze kwa mawe au matofali ya kuchoma hadi kimo cha sentimita 30 au zaidi juu ya ardhi, ndipo aweke matofali mbichi. Mwenye nyumba ya zamani anaweza kupiga lipu sehemu ya chini ya ukuta na kuziba nyufa kila mwaka. Ukingo wa paa utokeze sentimita 60 hivi. Wengi huupunguza ili kuokoa bati moja, na akiba hiyo huja kulipiwa na ukuta.

Paa nalo lina kazi mbili. Mbali na kuzuia mvua, huzishika kuta kwa juu zisiyumbe. Likiezuliwa, ukuta hubaki umesimama peke yake kama uzio. Kuweka mawe juu ya mabati hakusaidii sana, na upepo ukiyaangusha yanaweza kuua. Kinachosaidia ni kenchi kufungwa kwa waya mnene au utepe wa chuma uliozamishwa ndani ya ukuta safu kadhaa chini ya ukomo wake, pamoja na misumari ya bati kuongezwa pembezoni, mahali upepo unapoanzia kuinua.

Baada ya nyumba huja choo na kisima. Mwaka 1997, ulioishia kwa mvua za El Niño, Tanzania iliripoti wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na zaidi ya 2,000 kati yao walifariki. Maji ya mafuriko huingia katika shimo la choo, huinua kilichomo na kukipeleka kisimani. Kwa hiyo choo kichimbwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa bondeni, na mdomo wa shimo uinuliwe juu ya usawa wa maji yanayotiririka. Kisima kilichoingiliwa na mafuriko kisitumiwe kwa kunywa mpaka kisafishwe na kutiwa klorini.

Maji ya tope yana shida nyingine isiyofahamika na wengi: dawa hufanya kazi hafifu ndani yake. Yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi, ndipo yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio na kusubiriwa nusu saa. Asiye na dawa ayachemshe mpaka yatokote. Mgonjwa anayeharisha maji mfululizo apewe maji ya chumvichumvi ya ORS akiwa njiani kupelekwa zahanati; kumnyima maji kwa kudhani kutamkausha ni kumwongezea hatari.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa za hatari kwa viwango vitatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Familia iliyo bondeni au yenye ukuta uliokwisha kupasuka isisubiri kiwango cha tatu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazitambua kamati hadi ngazi ya kata na kijiji, na ni vema mkazi ajue mapema, kupitia Mtendaji, jengo lililotengwa kwa ajili ya kujihifadhi na njia isiyokatishwa na korongo.

Maji yakishapungua, nyumba ikaguliwe mchana kwa kuizunguka nje kabla ya mtu yeyote kuingia. Ukuta ulioinama, ufa mpya unaopita mtu mkono, au tofali la chini linalobonyea kwa kidole vyatosha kuwafanya watu walale kwa ndugu mpaka fundi mwashi aje kutazama.