Panga Vyombo Kabla ya Kuwasha Moto

Mkazi wa Hagadera anayepika kwa kuni anajua bei yake. Miti iliyokuwa karibu imekatwa tangu kambi ifunguliwe mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa hivyo mzigo wa kuni hununuliwa kwa pesa au hufuatwa mbali porini, na mara nyingi anayetumwa ni mama au msichana.

Hata hivyo, kuni nyingi huungua bure. Moto umewaka, kisu hakionekani, mwiko uko kwa jirani, kifuniko kimefunika ndoo ya maji. Mpishi akichoka, familia hununua chakula hotelini. Somo hili linaonyesha namna ya kupanga vyombo ili kupika nyumbani kuwe rahisi na kuni zidumu.

1. Tenganisha vyombo. Vya kila siku ni vichache: sufuria mbili, vifuniko, mwiko, kisu, upawa na kikombe cha kupimia. Sufuria kubwa na sinia za wageni zifunge kwenye gunia safi, uziweke kando.

2. Kila chombo kiwe na mahali pake. Piga misumari kwenye ubao, utundike mwiko, upawa na vifuniko. Kisu kiwe juu, watoto wasikifikie. Mafuta ya kupikia na vyombo vya plastiki vikae mbali na moto.

3. Kila sufuria iwe na kifuniko. Kama hakuna, sinia ya bati inatosha. Sufuria iliyo wazi hupoteza joto pamoja na mvuke.

4. Andaa kila kitu kwanza. Loweka maharagwe usiku kucha, kisha mwaga maji hayo na upike kwa maji mapya. Chagua mchele, kata vitunguu, pasua kuni kavu ziwe nyembamba. Baada ya hapo ndipo uwashe moto.

5. Chakula kikichemka, punguza kuni. Maji hayapiti nyuzi 100 za joto hata moto ukiwa mkubwa namna gani. Ukiongeza kuni, unaongeza mvuke tu. Maharagwe hayaivi haraka zaidi.

6. Osha, anika juani, rudisha mahali pake. Funika vyombo visiingiwe na vumbi na nzi.

Mpango huu unalinda pia afya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa kupikia majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kuni kavu na moto wa muda mfupi hupunguza moshi. Pika mahali penye hewa, na watoto wadogo wasikae karibu na jiko.

Faida itaonekana zaidi mwezi wa Ramadhani, wakati uji, sambusa na wali vyote vinasubiriwa kabla ya magharibi.

Zoezi la wiki hii: hesabu vipande vya kuni unavyotumia kupika sufuria moja ya maharagwe kama ulivyozoea. Kisha panga vyombo, fuata hatua hizi, upike kiasi kilekile na uhesabu tena. Vipande vitakavyobaki ni safari ya porini uliyoipunguza, au shilingi zilizobaki mfukoni.