SOMO LA WIKI: Zawadi ya mwakilishi wa dawa hulipwa na nani?

KASULU na Kibondo hupata dawa zilizosafiri mbali, kwa reli hadi Kigoma au kwa malori kupitia Nyakanazi. Bei ya jumla ikipanda, mwenye duka la dawa huumia kwanza. Ipo gharama isiyoonekana kwenye ankara: chakula, safari na posho ambazo baadhi ya kampuni za dawa huwapa wanaoandika vyeti vya dawa. Fedha hizo hurudishwa kupitia bei.

Chukulia mfano wa hesabu tu. Boksi la amoksisilini yenye jina la kiwanda ni sh. 9,000, na dawa ileile yenye jina la kawaida ni sh. 5,000. Mganga anaanza kuandika ile ya sh. 9,000, na mwenye duka anaweka maboksi 40 kwa sh. 360,000. Baadaye zawadi zinakoma au mganga anahamishwa. Maboksi 25 yakidoda, mtaji wa sh. 225,000 umelala rafuni ukisubiri dawa iishe muda.

Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 ya kuzitaka kampuni kutaja malipo kwa madaktari. Orodha ya kwanza ilitolewa kwa umma Septemba 30, 2014. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa hata mlo mmoja wa chini ya dola 20 uliendana na daktari kuandika zaidi dawa ya kampuni iliyomlisha.

Wenye hisa nao hawaponi. Mwaka 2014 mahakama ya China iliitoza GlaxoSmithKline faini ya yuan bilioni 3 kwa kuhonga madaktari na hospitali. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji na mpokeaji.

Mfanyabiashara anashauriwa mambo matatu. Kwanza, alinganishe bei kwa jina la kawaida la dawa, si la kiwanda. Pili, dawa mpya anunue ya mwezi mmoja tu, na makubaliano ya kurudisha mzigo yaandikwe. Tatu, kamisheni isiyoweza kuandikwa kwenye risiti aikatae.

Anayetaka kununua ubia katika duka la dawa aulize kwanza: mauzo kiasi gani yanategemea kalamu ya mganga mmoja?