Bunge letu laweza kumwondoa Rais?

Swali: Oktoba 2024, tukifunga magunia ya mahindi hapa Madaba, redio ilitangaza kuwa Seneti ya Kenya imemwondoa Naibu Rais Gachagua. Je, kwetu Rais anaweza kuondolewa?

Jibu: Anaweza, ndugu yangu. Ibara ya 46A ya Katiba ya Tanzania inataka hoja ya maandishi iliyoungwa mkono na angalau asilimia 20 ya wabunge wote, ifike kwa Spika angalau siku 30 kabla ya kikao. Theluthi mbili wakikubali, inaundwa kamati chini ya Jaji Mkuu, na Jaji Mkuu wa Zanzibar akiwamo. Rais hupewa nafasi ya kujitetea. Kisha kura tena, theluthi mbili ya wabunge wote. Gachagua alihukumiwa na maseneta: kati ya mashtaka 11, alikutwa na hatia katika matano. Sisi hatuna Seneti, ndiyo maana nawathamini sana majaji wakuu hao wawili wa kamati.