Filta Ipi kwa Tangi Dogo la Maji ya Chumvi?

Jumamosi moja muhula uliopita tulifungua mlango wa chumba cha mazoezi tukapokewa na harufu ya yai viza. Umeme ulikatika Ijumaa saa kumi jioni, ukarudi Jumamosi saa nne asubuhi, na filta yetu ikawaka yenyewe na kutapika tangini kila ilichokuwa nacho tumboni. Samaki watatu tuliwakuta wamelala ubavu. Wa nne alifika mchana, basi. Na ile filta ndiyo ilikuwa kitu cha bei kubwa kuliko vyote mle ndani, tulichangishana kutoka kwenye bumu kuinunua.

Sasa wenzetu wa mwaka wa kwanza wanataka kuanzisha tangi lao, na swali wanalouliza ni lile lile tuliloanza nalo sisi: tununue filta gani? Tulijibu taratibu, maana ukiingia dukani na swali hilo mkononi utauziwa chenye bei, si kinachokufaa.

Kwanza tujue filta inafanya nini. Wengi tunadhani kazi yake ni kukamata uchafu unaoonekana, kama chujio la chai. Hiyo ni kazi yake ndogo. Kinachoua samaki hakionekani. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia vilevile. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine, hasa wa jenasi ya Nitrospira, wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wengi huvumilia kwa kiasi. Hawa bakteria hawaelei tu majini, hukaa wameng'ang'ania juu ya kitu. Kwa hiyo filta, ukiivua urembo wote, ni nyumba ya bakteria inayopitiwa na maji yenye oksijeni. Hilo neno la mwisho liwekee mstari, tutalirudia.

Kwenye maji ya chumvi mambo ni magumu zaidi kuliko kwenye maji baridi, kwa sababu mbili. Moja ni pH. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8.2, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika umbo lenye sumu kali. Kwenye pH 7 sehemu hiyo haifiki hata 1 kati ya 100, kwenye 8.2, kwa joto la nyuzi 25, inafika kama 7. Yaani kosa lile lile la kulisha kupita kiasi, ambalo kwenye tangi la maji baridi lingesamehewa, huku linaua. Sababu ya pili ni oksijeni. Maji baridi ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Ya bahari, kwa joto hilohilo, hayafiki 7. Na vyumba vyetu vya Dar mwezi wa pili mnavijua, nyuzi 25 ni ndoto.

Tukirudi kwenye nyumba ya bakteria: nyumba bora kwa tangi dogo haiuzwi kama filta. Ni mawe. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliwaeleza wafugaji wa samaki namna alivyoendesha matangi ya bahari kwa mawe yenye viumbe hai na mapovu ya hewa tu, bila mtambo mwingine. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, na ndani ya vitundu hivyo kuna eneo kubwa ajabu la bakteria kukaa. Kwa tangi letu la sentimita 60 kwa 30 kwa 35, ambalo kwa hesabu ni lita 63 lakini ukitoa nafasi ya juu, mchanga na mawe yenyewe unabaki na maji ya lita kama 50, kilo 5 hadi 7 za mawe zinatosha.

Ila msiende kuyachukua baharini. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari, na hata nje ya hayo, kubomoa mwamba hai ili kupamba chumba ni aibu kwa mtu anayesomea viumbe vya bahari. Mawe ya matumbawe makavu, yale ya kuchimbwa nchi kavu ambayo mafundi wa pwani wamejengea nyumba karne na karne, yanafaa kabisa. Chagua yasiyo na saruji wala rangi, sugua, loweka siku kadhaa ukibadilisha maji. Yanaanza yakiwa yamekufa, bakteria wanahamia wenyewe. Uvumilivu tu.

Haya, mitambo sasa. Ile iliyotuangusha ni filta ya mkebe: ndoo ndogo iliyofungwa kabisa, inakaa chini ya meza, pampu inavuta maji na kuyapitisha kwenye sponji na vipande vya kauri. Si mashine mbaya. Kwenye maji baridi na umeme wa uhakika ni tamu sana. Shida yake ni ule ufungwaji. Umeme ukikatika, maji yaliyomo hayatembei, bakteria wanamaliza oksijeni iliyomo, wanaanza kufa, na wanakuja bakteria wengine wasiohitaji oksijeni. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, na baadhi ya hao wageni huigeuza kuwa haidrojeni salfaidi. Ndiyo ile harufu ya yai. Tungekuwepo umeme uliporudi, tungechomoa plagi, tukamwaga maji ya mkebe na kuosha kabla ya kuwasha. Hatukuwepo, tulikuwa tumelala.

Filta ya kuning'iniza nyuma ya kioo ina faida kwamba iko wazi juu, maji yanadondoka kurudi tangini na kuvuta hewa njiani, na kuisafisha ni dakika tano. Filta ya sponji, ile inayosukumwa na pampu ya hewa, ndiyo ya bei ndogo kuliko zote na watu huidharau kwa sababu ni mbaya wa sura. Lakini inafanya kazi mbili kwa pamoja, inalea bakteria na inaingiza hewa, na hukaa ndani ya tangi lenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika haigeuki kuwa chungu cha sumu kwa haraka kama mkebe. Sharti moja tu: sponji huoshwa kwa maji yaliyotolewa tangini, kamwe si ya bomba, maana klorini inaua wale wale uliowafuga.

Halafu kuna skima, mashine ya povu. Inapuliza mapovu madogo sana kwenye bomba, uchafu wa protini unanata kwenye mapovu na kupanda hadi kwenye kikombe. Inatumika kwenye maji ya chumvi kwa sababu humo mapovu hubaki madogo bila kuungana. Kazi yake inavutia, inatoa uchafu kabla haujawa amonia. Mimi kwa lita 50 siinunui. Zile ndogo za bei poa zina kelele na kila siku unazirekebisha, na kazi yake kubwa kwenye tangi la ukubwa huu inafanywa na ndoo.

Ndoo, ndiyo. Naitreti haiondolewi na sponji, inajikusanya. Tuseme inapanda miligramu 5 kwa lita kila wiki. Ukibadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, itapanda polepole hadi itulie kwenye 50, pale ambapo unachotoa kinalingana na kinachoongezeka (5 gawanya kwa 0.1). Ukibadilisha asilimia 20, inatulia kwenye 25. Kwa lita 50 hiyo ni lita 10 kwa wiki, nusu ndoo. Maji yachote mbali na midomo ya mito, maji yakiwa yamejaa, na wakati wa masika acha kwanza hadi mvua ipungue. Yanayopungua kwa mvuke, hata hivyo, yajazie maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke.

Kuhusu umeme, pigeni hesabu kabla ya kununua. Pampu ya wati 5 ikiwaka mwezi mzima inakula uniti 3.6. Na pampu ndogo ya hewa ya wati 2 inayotumia waya wa USB inaweza kuendeshwa na pawabenki. Ya 10,000 mAh ina kama wati-saa 37. Kata theluthi kwa upotevu, unabaki na takriban saa 12. Kwa zile saa 18 zetu tungehitaji mbili. Nani kwenye darasa letu hana pawabenki?

Tangi tulilonalo sasa lina kilo 6 za mawe, sponji mbili kwenye pampu mbili tofauti, na kipampu cha lita 600 kwa saa cha kuzungusha maji. Sponji tunaziosha kwa zamu, moja wiki hii, nyingine baada ya wiki mbili, ili bakteria wasiondoke wote kwa mpigo. Tulilijaza maji, tukatia kipande cha kamba mbichi aoze awape bakteria chakula, tukapima amonia na naitraiti hadi zote zikasoma sifuri. Ilichukua wiki 5. Wiki ya tatu mtu alitaka kuingiza samaki, tukamficha ufunguo. Samaki wawili wa kwanza wameingia juzi, na wanalishwa mara moja kwa siku na mtu mmoja tu, ambaye jina lake liko kwenye ratiba mlangoni.