TUKUMBUKE SISI NI NANI KATIKA KRISTO

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi
Andiko kuu: 2 Petro 1:3-11. Soma pia: Danieli 1, Wagalatia 3:26-29, Waefeso 2:11-22.



Mtu akikimbia nchi yake hupewa majina mengi. Kwenye karatasi ya HCR anaitwa mkimbizi. Kwenye orodha ya chakula yeye ni namba na hesabu ya watu wa nyumbani mwake. Sokoni anaitwa Mkongomani. Na sisi kwa sisi, kabla hata ya kusalimiana vizuri, tunaulizana: "Huyu ni Mfuliiru, ni Mbembe, ni Mvira, au ni Munyamulenge?" Majina hayo si ya uongo. Karatasi inatulinda, na kabila ni jamaa ambayo Mungu alipenda tuzaliwe ndani yake. Lakini swali la somo letu ni hili: kati ya majina hayo yote, ni lipi linalotuongoza tunapokuwa na njaa, tunapotukanwa, au tunapoambiwa tuchague upande?

1. Anayesahau hawezi kukua

Katika mstari wa 5 hadi wa 7 Petro anazipanga tabia za Mkristo kama vidato vya ngazi. Anaanza na imani, anapanda kwenye wema, maarifa, kiasi, saburi na utauwa, mpaka anafika kwenye upendano wa ndugu na upendo. Kisha katika mstari wa 9 anamtaja mtu asiye na mambo hayo. Anasema mtu huyo haoni vizuri, na ya kuwa amesahau kwamba dhambi zake za zamani zilikwisha kusafishwa. Kwa Petro, tabia mbaya ya mwamini ni ugonjwa wa kusahau.

Tazameni pia jinsi anavyoanza. Katika mstari wa 3 na wa 4 anaeleza kwanza yale Mungu aliyokwisha kutupa, ndipo anatuambia tufanye bidii. Mtoto hafui nguo wala hatekí maji ili apate kuwa mtoto wa nyumba ile. Anafanya kazi kwa sababu yeye ni wa nyumbani. Vivyo hivyo sisi hatutendi mema ili tununue nafasi kwa Mungu. Nafasi tumepewa kwa damu ya Yesu, nasi tunaishi kama watu wa nyumba yake.

2. Danieli alibadilishiwa jina, hakubadilika moyo

Danieli na wenzake watatu walikuwa vijana waliohamishwa kwa nguvu mpaka Babeli. Walipewa lugha mpya, masomo mapya na majina mapya. Danieli akaitwa Belteshaza. Hatusomi kwamba aligombana juu ya jina hilo. Alijifunza lugha, akafanya kazi kwa bidii katika nchi ya ugeni. Lakini juu ya chakula cha mfalme aliamua moyoni mwake mapema kwamba hatajitia unajisi, akaomba ruhusa kwa heshima.

Chakula kiko katika sura ya 1, simba wako katika sura ya 6, na kati yake imepita miaka mingi. Aliyeshinda mbele ya sahani ndiye aliyesimama katika tundu la simba.

3. Vijana wa Buta

Nchi hii iliyotupokea ina mfano wake. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Burundi iliingia katika vita, na hata shule nyingi ziligawanyika kwa kabila. Katika seminari ya Buta, huko Bururi, vijana Wahutu na Watutsi waliendelea kuishi pamoja. Mkuu wao, Padri Zacharie Bukuru, aliwapa nafasi ya kuzungumza waziwazi juu ya historia chungu ya nchi yao. Walicheza pamoja na kusali pamoja.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia katika bweni, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Vijana wale walikataa kutengana. Arobaini kati yao waliuawa. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilianza rasmi kuchunguza habari zao ili watangazwe kuwa wenyeheri.

Wengi wetu si Wakatoliki, lakini tunaweza kujifunza kwao. Jibu lile hawakulitunga alfajiri ile, kwa maana hapakuwa na wakati wa kufikiri. Walikuwa wamelijenga siku nyingi, wakati wa kula, wakati wa mchezo na wakati wa maombi. Siku ya jaribu ilionyesha tu kile kilichokuwa kimekwisha kukua.

4. Gatumba si mbali

Hapa Kajaga tuko kando ya barabara iendayo Gatumba, mpakani na Uvira. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, katika kambi ya Gatumba, zaidi ya wakimbizi 150 waliuawa. Wengi wao walikuwa Banyamulenge, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Walikuwa wamekimbia vita ya Kivu ya Kusini mwaka ule ule.

Hatuandiki haya ili kuamsha kisasi. Kuwakumbuka wafu wetu ni haki, na kuomba sheria ifuate njia yake si kinyume cha upendo. Lakini tujue kwamba kabla ya panga na bunduki kuna kazi ya kugawa watu, na kazi hiyo hufanywa kwa maneno. Anayemwita jirani yake nyoka ameianza. Mkristo wa kabila lolote asiikopeshe kazi hiyo ulimi wake, hata kwa utani, hata kwa ujumbe aliotumiwa tu kwenye simu.

5. Tabia hukua katika mambo madogo

Kwenye maji: bidoni ya mama asiyekuwapo isisogezwe nyuma kwa sababu yeye si wa kwetu. Hapo ndipo kiasi na saburi hujifunzwa.

Katika lugha: tukikaa pamoja tuseme lugha inayosikiwa na wote. Lugha ya mama ni zawadi, lakini isigeuzwe mlango wa kumfungia ndugu nje.

Mbele ya ofisi: tuseme idadi ya kweli ya watoto na habari ya kweli ya safari yetu. Njaa ni kali, tunaijua. Hata hivyo baba anayedanganya mbele ya watoto wake anawafundisha kwamba Mungu hawezi kuwalisha.

Kwa wageni wapya: tangu Februari 2025 makumi ya maelfu ya watu wamevuka mto Rusizi kutoka Kongo. Tusiwaulize kabila kwanza. Tuwaulize wamekula nini na wamelala wapi.

Maswali ya kujadili

a) Soma 2 Petro 1:5-9. Ni tabia ipi kati ya hizo imepungua katika nyumba yako? Ni neema ipi ya Mungu uliyoisahau?
b) Je, kuwa mmoja katika Kristo kunamaanisha kuacha kabila? Waefeso 2:11-22 inajibu namna gani?
c) Mtu akisema neno baya juu ya kabila lingine mbele yako, utamjibu nini? Andaeni jibu leo, kabla siku hiyo haijafika.
d) Ni jambo gani moja mtakalofanya wiki hii kwa familia iliyofika karibuni?

Tuombe: Baba, tumepoteza nyumba na mashamba, lakini hukutupoteza sisi. Tukumbushe kila asubuhi kwamba tu watoto wako, na jirani yetu akuone wewe katika mwenendo wetu. Katika jina la Yesu, Amina.