Somo la Afya Kazini: Tabia za Kila Siku za Kupunguza Msongo wa Mawazo Mbele ya Kompyuta



Si miaka mingi iliyopita, mwananchi aliyefika katika ofisi ya kata alikuta daftari, kalamu na muhuri. Leo sehemu kubwa ya huduma hupita kwenye kompyuta. Mapato na matumizi ya zahanati na shule huingizwa katika mfumo wa FFARS. Leseni ya biashara huombwa kupitia TAUSI. Zabuni za umma hutangazwa katika NeST. Na kijana anayetafuta mkopo wa elimu ya juu hujaza maombi yake mtandaoni, aghalabu katika steshenari iliyo jirani na stendi au soko. Kwa hiyo wanaokaa mbele ya kompyuta kutwa nzima hawapo tena makao makuu ya mkoa pekee. Ni mtendaji wetu wa kata, mhasibu wa kituo cha afya, mwalimu mkuu, karani wa chama cha ushirika, na kijana wa steshenari.

Somo la toleo hili linawahusu hao, na linamhusu pia kila anayesimama mbele ya meza yao. Jambo tunalotaka lieleweke ni moja: pumziko fupi la mtu anayetumia kompyuta ni sehemu ya kazi yake, kama vile kunoa jembe kulivyo sehemu ya kulima. Anayelima kwa jembe butu huchoka mapema na shamba lake huharibika.

Mfano wa tarakimu mbili

Tuchukue mfano. Ni siku za mwisho za kupokea maombi ya mikopo. Kijana wa steshenari ameketi tangu saa 2 asubuhi. Sasa ni saa 9 alasiri na hajala chochote isipokuwa chai. Foleni ina watu 11. Mtandao unasuasua, karatasi imekwama kwenye printa, na simu yake inaita bila kukoma. Anaandika namba ya simu ya binti mmoja, na mwishoni, badala ya 71, anaandika 17. Hakuna anayeona. Binti analipa, anashukuru, anarudi kijijini. Siku ujumbe wa kumtaka arekebishe kiambatisho fulani unapotumwa, unamfikia mtu asiyemjua.

Kijana huyu hakuwa mzembe. Asubuhi, macho yake yakiwa mapya, asingekosea. Ndiyo maana tunasema msongo wa mawazo wa mtu mmoja kazini unaweza kugeuka hasara ya mtu mwingine, na hasara hiyo ikaonekana miezi kadhaa baadaye.

Kinachotokea mwilini

Mwili wa binadamu una njia ya kale ya kukabili tishio. Ubongo ukihisi hatari, tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu, na kufuatiwa na nyingine iitwayo kotizoli. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, na sukari huongezeka katika damu ili mwili upate nguvu ya kukimbia au kupambana.

Mkulima anayewakuta nyani shambani mwake hupata hali hiyo. Hupiga kelele, huwakimbiza, hutokwa na jasho. Nyani wakishaondoka, hukaa chini ya mwembe na moyo wake ukatulia. Nguvu iliyoandaliwa imetumika. Lakini mtu wa kompyuta, mfumo unapokwama mbele ya watu 11, huandaliwa nguvu ileile na hana pa kuipeleka. Hubaki ameketi, taya zimebana, mabega yamepanda kuelekea masikioni. Kabla hajatulia, jambo jingine hutokea. Ifikapo jioni, mwili umekimbizwa mara nyingi bila kunyanyuka kitini. Hapo ndipo kichwa huuma, usingizi hupaa, na maneno makali huwatoka watu wapole.

Ikiwa mkazo huingia kidogo kidogo mchana kutwa, basi hauwezi kuondolewa wote kwa mara moja usiku. Unapaswa kupunguzwa ungali mdogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kabla ya kuanza kazi

Tabia ya kwanza ni kupanga mahali pa kukaa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, na kila kinapoinama mbele, shingo hubeba mzigo mkubwa zaidi. Weka kioo cha kompyuta umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu uwe sawa na macho au chini yake kidogo. Anayetumia kompyuta mpakato anaweza kuinyanyua kwa rimu mbili au tatu za karatasi, kwa kuwa rimu moja ina unene wa sentimita 5 hivi. Kisha atumie kibodi na kipanya vya kuchomeka, ili mikono isipande pamoja na kioo. Nyayo zikanyage chini, mgongo uegemee. Dirisha liwe ubavuni. Likiwa nyuma yako mwanga humulika kioo, likiwa mbele yako humulika macho.

Tabia ya pili ni kuandika kwenye karatasi kazi tatu ambazo siku hiyo ni lazima zikamilike. Kazi iliyo kichwani tu huhisiwa kuwa kubwa kuliko ilivyo. Ikishaandikwa, ukubwa wake huonekana.

Wakati kazi inaendelea

Pumzisha macho. Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Anapokazia kioo, idadi hiyo hushuka hadi nusu au chini ya hapo, na macho hukauka na kuwasha. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa muda wa sekunde 20. Mti ulio uani unatosha. Pepesa macho taratibu mara kadhaa kabla ya kurudi kwenye kioo.

Nyanyuka kila saa. Dakika mbili zinatosha kwenda kuchota maji ya kunywa, kupeleka faili, au kumwita anayefuata kwa kumfikia badala ya kumpigia kelele. Zungusha mabega, nyoosha vidole, geuza vifundo vya mikono. Kwa njia hii ile nguvu iliyoandaliwa bure hupata mahali pa kwenda.

Fanya jambo moja kwa wakati mmoja. Akili inayotoka kwenye fomu kwenda kwenye ujumbe wa simu na kurudi haianzii pale ilipoachia. Hutafuta njia upya, na katika kutafuta huko hukosea. Simu ilazwe kifudifudi hadi mteja aliye mbele yako aondoke.

Hifadhi kazi mara kwa mara. Wengi wetu tumewahi kupoteza ukurasa mzima kwa sababu umeme ulikatika. Kubonyeza Ctrl pamoja na S kila baada ya aya moja ni jambo la sekunde moja, na huondoa hofu inayomsindikiza mchapaji siku nzima. Kwa fomu za mtandaoni, taarifa ziandikwe kwanza kwenye karatasi, ili mtandao ukikatika zisipotee.

Soma kwa sauti kabla ya kutuma. Majina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na namba ya akaunti visomwe tarakimu kwa tarakimu, mwenyewe akisikiliza. Tabia hii ingemwokoa binti wa mfano wetu. Humpunguzia pia mwandishi mzigo wa kukumbuka na kuogopa peke yake, kwani sasa wawili wamehakiki.

Mambo yanapokwama

Mfumo ukigoma, usiendelee kubofya kwa hasira. Ondoa mkono kwenye kipanya. Vuta pumzi kupitia puani ukihesabu hadi 4, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Rudia kwa dakika moja au mbili. Pumzi inayotoka polepole huamsha neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na mapigo ya moyo hupungua. Si jambo la imani tu. Weka kidole kwenye mshipa wa mkono nawe utaligundua.

Kisha waambie watu ukweli: "Mfumo umesimama. Nitajaribu tena baada ya dakika 15. Mwenye haraka aniachie namba yake." Foleni iliyoelezwa hutulia. Foleni isiyoelezwa hunung'unika, na manung'uniko hayo humrudia mhudumu kama mkazo mpya.

Chakula, chai na usingizi

Kuruka chakula cha mchana ili kumaliza foleni ni akiba ya uongo. Dakika zilizookolewa huliwa na makosa ya alasiri. Kula, hata kama ni muhogo na maharage, na kula mbali na kioo. Kahawa na chai kali zina kafeini, na baada ya saa 5 hivi nusu yake huwa bado imo mwilini. Anayekunywa kahawa saa 11 jioni hulala nayo.

Jioni, kabla ya kuzima kompyuta, andika kazi ya kwanza ya kesho, kisha funga. Nyumbani, simu iwekwe kando angalau nusu saa kabla ya kulala. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku tano kunatimiza hesabu hiyo, na wengi wenu mnaweza kuipata kwa kurudi nyumbani kwa miguu.

Wajibu wa mwajiri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kiwango cha kawaida cha saa 45 za kazi kwa wiki na saa 9 kwa siku, na inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi aliyefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mwenye steshenari aliyeajiri kijana mmoja naye ni mwajiri. Kumpa saa ya chakula ni haki ya kijana huyo, na ni kinga ya jina la biashara yako.

Wajibu wa anayehudumiwa

Ndugu mwananchi, nawe una nafasi katika somo hili. Njoo mapema, usingoje siku ya mwisho. Leta taarifa zako zikiwa zimeandikwa kwa hati inayosomeka. Mhudumu anaposimama kunyoosha mgongo, usimhesabie kuwa anakimbia kazi. Yamkini anajiandaa kuliandika jina lako bila kosa. Anapokuomba usome namba yako kwa sauti, isome bila kuona ni usumbufu. Na salamu njema, neno la "pole na kazi", hushusha mabega ya mtu kuliko tunavyodhani.

Lini kutafuta msaada

Uchovu wa kawaida huisha kwa kupumzika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa, lilieleza hali ya kuchakazwa na kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na ufanisi kushuka. Ukiziona kwako, zungumza na msimamizi wako au mtu unayemwamini. Ukikosa usingizi kwa wiki mbili, ukipata ganzi mikononi, kichwa kikiuma kila siku, au moyo ukikata tamaa, fika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Maumivu ya kifua au mawazo ya kujidhuru hayasubiri kesho. Nenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako.

Zoezi la wiki

Usizianze tabia zote kwa pamoja. Chagua mbili. Katika ukurasa mmoja wa daftari andika siku za wiki, na kila jioni weka alama kwa tabia uliyoitimiza. Ijumaa jiulize maswali matatu: Je, nimerudia kazi ngapi kwa sababu ya makosa? Je, nimelala vipi? Je, nimemjibu nani vibaya, na ilikuwa saa ngapi? Jibu la swali la mwisho litakuonyesha wakati ambao mwili wako huhitaji pumziko zaidi. Wiki inayofuata, simama robo saa kabla ya wakati huo, unywe maji, utazame mti ulio uani, kisha urudi kumhudumia anayesubiri.